Nyota Iliyofunikwa na Vumbi Lake

Mwaka jana nilimfokea mama mbele ya wageni. Siku zile nilikuwa nikisoma habari za Eta Carinae, nyota kubwa mno ya kusini, iliyo kundi moja na Suheli. Mwaka 1843, katika mlipuko wake mkubwa, iling'aa kuliko nyota zote za usiku isipokuwa Shi'ra. Ilitupa maada yenye uzito wa majua 10 au zaidi. Haikufa, lakini vumbi lake lenyewe liliifunika, ikafifia hata jicho tupu lisiione. Wingu lile linatanuka hadi leo.

Mama amenisamehe, alhamdulillah. Lakini neno nililolitupa halirudi. Ndugu zangu, tuizuie hasira mapema. Wabillahi tawfiq.