Kipozeo cha Maji na Soketi Isiyo Yake

Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

  Orodha yako ya vifaa vya kompyuta imefika, na shangazi yako ameisoma kwa miwani: prosesa ya Core i5-10400 pamoja na mazabodi yake ya mtumba, kasha la Corsair 4000D, kadi ya picha ya RTX 3060, na kikubwa kuliko vyote, kipozeo cha maji cha Arctic Liquid Freezer III chenye feni tatu. Kila kimoja peke yake ni kitu kizuri. Taabu ni kwamba kipozeo hicho hakifungiki kwenye mazabodi hiyo.

Si kwamba kinabana, hakifungiki. i5-10400 hukaa kwenye soketi ya LGA1200, ambayo matundu yake ya skrubu yamepangwa kwa mraba wa milimita 75. Mwishoni mwa 2021 Intel walipotoa prosesa za kizazi cha 12 walihamia LGA1700, matundu yakasogezwa hadi milimita 78 na kimo cha prosesa juu ya mazabodi kikapungua. LGA1851 ya mwaka 2024 ikabaki na matundu hayohayo ya 78. Arctic nao wakaitengenezea Liquid Freezer III vishikio vya LGA1700 na LGA1851, na vya AM4 na AM5 kwa upande wa AMD. LGA1200 haimo. Milimita tatu ni kitu kidogo mpaka skrubu ikose tundu, na anayelazimisha hupinda mazabodi ya watu.

Kinyume chake nako kuna mtego. Vipo vipozeo vya zamani vinavyouzwa bei ya kutupa, vilivyotengenezwa kwa LGA1200, na baadhi ya mazabodi za ASUS za Z690 zilitobolewa matundu ya aina zote mbili, kwa hiyo kipozeo cha zamani huingia bila ubishi. Kuingia si kukandamiza. Prosesa imeshuka, skrubu zimefika mwisho, na bamba la shaba linaigusa kwa wepesi au linaegemea upande mmoja. Kompyuta itawaka vizuri, kisha mchezo ukikolea inaanza kujipunguzia kasi yenyewe, na lawama zote anabebeshwa muuza prosesa. Watengenezaji kadhaa, Noctua wakiwa mmojawapo, waliwapelekea wateja wao vishikio vipya bure, kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji wa mtumba ni moja tu: kishikio cha LGA1700 kipo ndani ya boksi au hakipo?

AMD ni waungwana zaidi. AM5 ilipokuja 2022 ilirithi vipimo vya AM4, na vipozeo vingi vya zamani vinapanda bila kununua kitu. Ila kwenye AM5 bamba la nyuma ya mazabodi limeshikamana na soketi, halibanduliwi. Kipozeo kinachodai kuja na bamba lake hapo kimekwama.

Tuseme soketi imekubali. Linafuata kasha, na hapa ndipo namba ya boksini inapowapoteza vijana. "360" si urefu wa rejeta, ile sehemu ya kipozeo inayopoza maji. Ni feni tatu za milimita 120 zikijumlishwa. Rejeta yenyewe, pamoja na vile vichwa vyake viwili vya kupitishia maji, hukaribia milimita 400. Ile ya "240" hufika kama 277. Unene nao una mambo yake: rejeta nyingi ni milimita 27, lakini Arctic wameipa yao 38. Ongeza feni ya milimita 25, jumla 63. Corsair 4000D hupokea rejeta ya 360 mbele, lakini juu mwisho wake ni 280, kwa hiyo kipozeo cha kwenye orodha kingekwenda mbele, mahali kadi ya picha inapoelekeza pua yake. Kasha hilo limeandikiwa kadi hadi milimita 360. RTX 3060 za feni mbili ni fupi, hazitagusana na kitu. Lakini kijana wa leo hununua kadi mpya kesho, na RTX 4090 ya ASUS ROG Strix ina karibu milimita 358. Hapo hesabu imeshakataa.

Anayekwepa kadi kwa kuiweka rejeta ya 240 juu hukutana na ramu. Fimbo za Corsair Vengeance RGB Pro, zile za taa, zimesimama milimita 51, na feni inayoshuka kutoka dari la kasha huzikuta palepale. Taa zinapendeza, ndiyo, lakini ramu fupi isiyo na taa inafanya kazi ileile na haigombani na mtu.

Kuna na suala la hewa. Maji ndani ya kipozeo hiki yamefungwa kiwandani, na kadiri miaka inavyopita kiasi kidogo hupenya kwenye mirija na nafasi yake ikashikwa na hewa. Hewa hupanda juu. Pampu ikiwa ndiyo sehemu iliyo juu kuliko zote, hewa hukusanyika humo, pampu ikaanza kukoroma na mwisho ikafa. Kwa hiyo kichwa cha rejeta lazima kiwe juu ya pampu, na rejeta haiwekwi kwenye sakafu ya kasha hata kama matundu ya feni yapo. Ikiwekwa mbele, mirija ielekezwe chini iwapo urefu wake unaruhusu.

Waya ni jambo fupi. Tundu lenye maandishi CPU_FAN likiachwa tupu, mazabodi nyingi hugoma kuwaka au hutoa onyo la feni. Taa za pini tatu ni za volti 5, za pini nne ni za volti 12, na aliyechomeka ya 5 kwenye 12 huziaga taa zake siku hiyohiyo.

Sasa neno ambalo shangazi yako angetaka lisikilizwe kuliko yote hayo: i5-10400 haihitaji maji. Ni prosesa ya wati 65 ambayo Intel waliiuza na kifeni chake ndani ya boksi. Maji yana kazi kwa mtu mwenye Core i9-14900K, inayoruhusiwa kula hadi wati 253. Hata Ryzen 7 7800X3D, kipenzi cha wacheza gemu, imeandikiwa wati 120, na Thermalright Peerless Assassin 120 SE, kipozeo cha hewa chenye kimo cha milimita 155, huimudu. Kasha la 4000D linapokea kimo cha 170.

Wala maji hayafanyi miujiza ya hali ya hewa. Hakuna kipozeo cha namna hii kinachoshusha prosesa chini ya joto la chumba. Mzungumzaji wa video anayepima akiwa kwenye chumba cha nyuzi 22 akapata 70, Dar ya Februari yenye nyuzi 32 chumbani itampa kama 80 kwa kifaa kilekile. Pazia, dirisha na kasha linalopitisha hewa vina mchango wao, na kupangusa vumbi hakuhitaji kuagizwa Dubai.

Basi hiyo Arctic ifutwe kwenye orodha. Kinunuliwe kipozeo kizuri cha hewa kinachotaja LGA1200 kwenye boksi lake, na pesa itakayobaki iwekwe kwenye pawasaplai, kifaa cha kuipa kompyuta umeme, maana kwenye orodha nzima hakuna palipoandikwa. Kabla hujatuma hata shilingi kwa muuzaji wa mazabodi hiyo ya mtumba huko Kariakoo, mtumie shangazi picha ya mazabodi iliyo wazi, soketi ionekane, na jina la pawasaplai unayoitaka.

Shangazi yako