Nani Atapunguza Sauti Yake?

Lalamiko la wapiga gitaa la besi, nami nikiwa mmoja wao katika bendi ndogo ya muziki wa dansi, ni moja: hatusikiki. Tiba tunayoshauriwa nayo ni moja: ongeza uzito wa sauti. Ukumbi hutetemeka, glasi hucheza mezani, lakini noti haitambuliki.

Sababu yake ni ya kifizikia. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Sauti nzito kiasi hicho hurundikana kwenye pembe za ukumbi wa zege na kugongana na ngoma ya kukanyaga. Sikio huitambua noti zaidi kwa mitetemo iliyo juu yake: 82, 123 na kuendelea. Kwa hiyo mpigaji hupunguza uzito, huinua sauti za kati, baina ya mitetemo 400 na 800 hivi, kisha huwaomba wapigaji wa rithimu na kinanda wamwachie nafasi hapo.

Ombi hilo ndilo gumu, kwa kuwa ni la kisiasa. Hakuna kitufe cha kumpunguza mwenzako. Sharti mkubaliane kabla ya onyesho. Katika vikao vya ofisi na vya wanaharakati nimeyaona yayo hayo: anayemezwa huhimizwa apaze sauti, aliyeujaza ukumbi haombwi kitu. Basi kila anayetuhimiza tupaze sauti aseme kwanza nani atapunguza yake.