Mgambo Niliyemfuta

Kijana niliyepata kumfundisha alikuja ofisini kwangu akiwa na shilingi elfu hamsini kwa noti zilizokunjwa mara nne. Alikuwa amemaliza kurekodi albamu yake ya kwanza, nyimbo tisa, kwa fedha zake mwenyewe, katika chumba ambacho kuta zake zimezibwa kwa magodoro ili kelele za bodaboda zisiingie. Hana kampuni wala meneja. Alikumbuka kwamba nilipokuwa nikisimamia mitihani nilikuwa na tabia ya kuchora sura za watahiniwa nyuma ya karatasi ya mahudhurio, akaniomba nimchoree jalada. Fedha nilizikataa. Kazi niliipokea kwa furaha ambayo mimi mwenyewe sikuitarajia.

Albamu yote inamhusu mama yake, aliyeuza karanga kando ya barabara Kariakoo mpaka mwaka 2021, wamachinga walipoondolewa katika barabara za Dar es Salaam. Wimbo wa nne unasimulia siku ungo wake ulipomwagwa. Niliusikiliza mara nyingi, kisha nikachora: mama ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ungo mapajani, na nyuma yake mgambo mwenye kirungu, mguu mmoja mbele.

Usiku wa tatu nilimfuta mgambo.

Hakuna aliyeniagiza. Sikupokea barua wala simu, na hakuna mkubwa aliyeniita pembeni. Nilikumbuka tu kwamba mkataba wangu wa kazi unakaribia kuhuishwa, na mkono ukaenda kwenye kifutio. Juma lilelile, ndugu msomaji, nilikuwa nimewahutubia wanafunzi saa mbili nzima kuhusu Lemi Ghariokwu, mchoraji wa Lagos aliyemtengenezea Fela Kuti majalada 26. Niliwaonyesha jalada la *Alagbon Close* la mwaka 1974, ambalo Lemi alilichora kabla hajatimiza miaka 20: Fela amekata minyororo, na nyangumi anaipindua mashua ya polisi. Niliwaambia kwamba jalada lile ni tahariri kamili, na kwamba mtu angeweza kuisoma dukani hata kama hakuwa na senti ya kuinunua sahani. Mhadhara ulipigiwa makofi.

Kijana alipokuja kuichukua picha aliitazama kwa muda mrefu. Hakuwa ameiona ile ya kwanza, lakini aliufahamu wimbo wake.

“Mwalimu, aliyemwaga karanga yuko wapi?”

Nilimjibu kiufundi. Nilimweleza kwamba sahani ya santuri ilikuwa na jalada la upana wa sentimita 30, mchoraji akapata nafasi ya umati mzima; leo msikilizaji huliona jalada kwenye simu, likiwa dogo kama stempu ya posta, na watu wawili hugeuka madoa mawili. Yote hayo ni kweli, na ndiyo maana yalinifaa sana kuficha jambo jingine. Alishukuru, akaondoka. Heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu wake wakati mwingine ni mzigo kwa mwalimu.

Siku mbili baadaye alinipigia kuniambia kwamba mama ameomba kuniona. Nilimkuta Tandale, barazani, akichambua karanga. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda, na picha yangu akaiweka juu ya ungo uleule.

“Umenichora vizuri, mwanangu. Ila mbona umenikalisha peke yangu, kama mtu aliyeondoka kwa hiari yake?”

Sikuwa na la kusema kuhusu stempu za posta. Nilimwambia ukweli: kwamba mgambo alikuwepo, na kwamba niliogopa. Hakushangaa wala hakunilaumu. Aliendelea kupeta, kisha akasema nimrudishe, lakini nisimpe uso.

“Kwa nini, mama?”

“Namjua. Ni mtoto wa hapa mtaani. Mama yake hununua karanga kwangu.”

Nimekaa na jibu hilo kwa wiki kadhaa sasa. Mimi nilimfuta mtu mzima ili nijilinde. Yeye, aliyepoteza mtaji wake, aliomba kitendo kionekane na mtendaji asitiriwe. Katika miaka yangu ya kufundisha haki na uhuru sijapata kuitenganisha mistari hiyo miwili kwa usafi kama ule.

Nilichora upya usiku ule. Mgambo amerudi, kofia imeinamishwa, kirungu kiko palepale, na karanga ziko hewani. Albamu imekwisha kupandishwa mtandaoni. Katika fomu aliyojaza kijana kulikuwa na nafasi ya mwimbaji, mtunzi na mtayarishaji. Ya mchoraji haikuwepo. Aliniomba radhi kwa hilo, nikamwambia asijali. Jina langu nimeliandika kamili kwenye picha yenyewe, juu ya kipande cha karatasi ya mtihani ambacho mama anakisokota ili kufungia karanga. Kwenye simu halisomeki, lakini nakala kubwa, ile aliyoibandika barazani, inalionyesha wazi, na mgambo hupita hapo kila jioni akirudi kwao.