Furaha Kabla ya Ufundi

Katika mafundisho ya kila chombo cha muziki ziko njia mbili. Ya kwanza humtaka mwanafunzi ataabike kwanza, ndipo afurahi. Ya pili humpa furaha kidogo tangu siku ya kwanza, ili apate nguvu ya kustahimili taabu. Watu wengi wenye heshima hushika njia ya kwanza, na mimi mwenyewe nililelewa nayo. Mwalimu wangu wa ujana alitukaririsha majina ya nota muhula mzima kabla ya kuturuhusu kugusa kinanda. Tulikuwa ishirini tulipoanza. Waliofika kukigusa walikuwa wawili. Mara kwa mara hujiuliza wale kumi na wanane walikosa nini maishani mwao, wala sipati jawabu jepesi.

Swali hilo lilinifuata hadi Mkunya, wilayani Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, nilikokaa likizo moja nikaombwa na vijana wa jirani niwafundishe gitaa. Vijana walikuwa tisa. Magitaa yalikuwa mawili. Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa katika mikorosho ili kuikinga na ubwiriunga, basi wanafunzi wangu walinijia alasiri, mikono yao imechoka na nguo zao zanuka dawa. Mtu aliyefanya kazi tangu alfajiri haji kukaririshwa. Akija, amekuja kwa mapenzi. Na mapenzi yasipolishwa hufa.

Nilianza na mkono wa kulia. Vijana waliokulia penye ngoma huwa na mapigo mwilini mwao tayari, na mwalimu mwenye busara hujenga juu ya msingi anaoukuta. Niliuacha mkono wa kushoto upumzike, wakapiga uzi mmoja tu, wakifuata makofi ya wenzao. Siku ya tatu nikaongeza kidole kimoja cha kushoto. Hapo ndipo maumivu huanza, kwa kuwa uzi wa chuma huziumiza ncha laini za vidole, na ngozi huchukua majuma kadhaa kuwa ngumu. Mwalimu hana dawa ya maumivu hayo, lakini aweza kuyapunguza. Kidole kikibana nyuma tu ya kile kijiti cha chuma kilichomo shingoni mwa gitaa, uzi hulia vizuri kwa nguvu kidogo. Kikibana mbali nacho, uzi hukoroma hata mkono ukikazwa. Kila mmoja alipiga dakika kumi, kisha akampa mwenzake. Hivyo uhaba wa magitaa ukawa pumziko la vidole.

Yamkini msomaji atasema kwamba huu ni mchezo, si mafunzo. Na amtazame Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi. Fundi huyu, aliyeimba nyimbo zake nyingi kwa Kiswahili, alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika sauti za chini, na shahada ikaimba juu yake. Azitazame pia bendi zetu za dansi, kama Morogoro Jazz aliyoipigia Mbaraka Mwinshehe katika miaka ya 1960. Humo kazi iligawanywa: gitaa la solo likiimba, la rithim likirudia sauti chache kwa uthabiti, la besi likitembea chini. Anayeanza akipewa sauti mbili za rithim, akaambiwa asizitupe, hayuko tena mlangoni mwa muziki. Amekwisha kuingia ndani.

Lakini furaha haikuwa ruhusa ya uzembe. Kila siku tulilinganisha nyuzi kabla ya kupiga. Uzi wa sita ukibanwa katika nafasi ya tano hutoa sauti ya uzi wa tano ulio wazi, na hivyo hivyo kushuka hadi uzi wa kwanza, isipokuwa ule wa tatu, ambao hubanwa katika nafasi ya nne. Kazi hii ni ya sikio, na sikio halidanganywi kwa haraka.

Katika wale tisa alikuwamo binti mmoja tu. Juma la pili babu yake alinijia. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwalimu, gitaa ni chombo cha kilabuni. Mjukuu wangu nimemlea vizuri."

"Maneno yako ni mazito, mzee wangu," nilimjibu. "Nakuomba uje umsikilize kabla hujamkataza."

Alikuja, akaketi chini ya mkorosho. Binti alishika sauti zake mbili kwa muda mrefu, huku wenzake wakiimba. Mzee hakumsifu. Alisema tu, "Huyu mmemweka kwenye ngoma ndogo. Nasi tuliwekwa hapo. Tulipewa pigo moja, tusiliache mpaka kuche. Hakuna aliyetuambia kwamba tunajifunza."

Alimruhusu aendelee mpaka mavuno ya korosho; la baada ya hapo hakuliahidi. Nilipoondoka niliwaachia gitaa moja, nalo likawekwa nyumbani kwa mzee huyo, kwa shauri lake mwenyewe, ili lisifike kilabuni. Anayetaka kulipiga hana budi kubisha hodi kwake, na nimeambiwa kwamba wanabisha.

Maneno ya mzee yale nimeyachukua hadi chumba changu cha mihadhara. Aghalabu sisi wafundishao ushairi huwahesabisha wanafunzi vina na mizani kabla shairi halijaghaniwa hata mara moja masikioni mwao, kisha tukastaajabu kwamba baada ya mtihani hawalifungui tena. Elimu ya vina ni ya lazima, kama ilivyo lazima kulinganisha nyuzi. Hata hivyo anayelinganisha nyuzi kwa subira ni yule ambaye amekwisha kuonja wimbo, akatamani usiharibike. Siku hizi mhadhara wangu wa kwanza hauna ubao wala chaki. Tunaghani, wanafunzi wakiitikia, na hesabu ya mizani huanza siku ile mmoja wao anapouliza kwa nini mstari fulani umechechemea.