Tangi la Chumvi Mutuini

Tulipokuwa tukikua Mutuini, tumbawe lilikuwa pambo jeupe la kabatini, zawadi ya aliyebahatika kufika Mombasa. Kwamba lile jiwe ni mifupa ya mnyama, hakuna aliyetuambia.

Nilianza kuyaona matumbawe kwa jicho jingine Kisite, kusini mwa pwani. Nahodha wa mashua yetu alitofautisha aina mbili. Yale ya matawi yalikufa kwa wingi mwaka 1998, El Niño ilipopasha bahari joto. Yale ya mviringo, jamii ya Porites, mengi yakastahimili. Tangu hapo sikuyatambua tena kwa rangi, maana rangi hubadilika kwa mwanga na kwa mwani unaoishi ndani yake. Nikawa natazama umbo na vinywa: vya Porites ni vidogo kama tundu la sindano.

Nilipoanzisha tangi la maji ya chumvi nyumbani, mambo yaligeuka tena. Sugu wa baharini si lazima awe sugu wa sebuleni. Yanayojenga mifupa hudai kalisi kila siku, na hayapendi maji yanayobadilika-badilika. Yaliyonikubali ni yale laini: ya uyoga, zoantidi, na lile la ngozi. Hili la ngozi hujikunja siku kadhaa, vinywa vyote vimefungwa, mgeni akadhani limekufa. Kumbe linavua utando wa juu, kisha linafunguka likiwa safi. Zoantidi nazo hushikwa kwa glavu, kwani baadhi zina sumu kali.

Kazi kubwa ni hali ya hewa ya huku kwetu. Matumbawe yanataka nyuzi 25 hivi, na usiku wa Julai huku Dagoretti joto hushuka hadi karibu 10. Hita haizimwi. Maji ya visima vingi vya Nairobi yana floridi nyingi, kwa hiyo nanunua yaliyosafishwa, mtungi kwa mtungi, nachanganya chumvi hadi kipimo kisome 1.025. Mama huniambia, "Wewe, hata ng'ombe wangu hawanunuliwi maji!"

Vipande vyangu vilikatwa kwenye tangi la mfugaji mwenzangu, si baharini, nami nagawa vivyo hivyo. Zamani kijana akija kuomba, nilimwuliza anapenda rangi gani. Siku hizi namwuliza kama ana betri ya kuendesha pampu stima ikipotea usiku kucha.