Mshkaji wa Kagunga na baiskeli ya gia 21

Kuna mshkaji mmoja wa Kagunga, kule mpakani na Burundi, anataka kupiga pedeli kutoka Kigoma mpaka Dar. Zaidi ya kilomita 1,200, siyo utani! Mbalamwezi ilipotoka, wavuvi wakapumzika, yeye akabeba akiba yake yote ya dagaa, akapanda boti mpaka mjini kusaka baiskeli ya mtumba.

Akazikuta mbili. Ya kwanza kali kinoma: gia 21, shokapu mbele, rangi inawaka. Ya pili Phoenix ya kizamani, nzito, haina hata gia moja. Moyo ukaenda kwenye gia, hela tayari mkononi.

"Shikamoo mzee, naomba hii."

Fundi akaitikia, akamtazama. "Mwanangu, hiyo gia ikikufia porini mbele ya Uvinza, spea utaipata wapi?"

Jamaa kimya. Spoku na tiubu za Phoenix unazipata hadi vijijini, na keria yake inabeba gunia, sembuse begi la nguo. Akaikagua: fremu haijapinda, ringi hazichezi. Akalipa. Chenji ikanunua tiubu mbili na pampu.

Kwenye boti ya kurudi walimcheka balaa. Yeye kimya, anakaza nati.

Wewe ungebeba ipi?