Asubuhi ya tarehe 19 mwezi wa tatu

Binti yangu alinisomea habari za nyota moja, na tangu siku hiyo usingizi umenipungukia.

Nyota iliyo kubwa mno kuliko jua letu, ikimaliza moto wake kama jiko lisilo na makala, moyo wake huporomoka na pengine kutupa miali ya gama, ambayo jicho halioni. Miali hiyo hupita upesi. Kisha kile kilichotupwa kinagonga gesi iliyo kandokando, na mwanga wa kawaida unawaka, halafu unafifia. Tarehe 19 mwezi wa tatu 2008, satelaiti Swift ilinasa mlipuko wa namna hiyo. Kule Chile kulikuwa bado usiku, na kamera zilikuwa zimekwisha kuelekea upande ule. Kwa karibu nusu dakika mtu angeweza kuuona kwa macho matupu, ijapokuwa mwanga wenyewe ulisafiri miaka bilioni 7.5! Darubini kubwa ziliufuata ukififia kwa majuma.

Hapa Bukavu ilikuwa saa mbili na dakika 12 asubuhi. Siku hiyo naijua. Mama yangu alikuwa mgonjwa sana, nami nilitoka kuchota maji, bidoni mbili tu. Bombani kulikuwa na watu wengi. Niliporudi, alikuwa amekwisha kwenda. (Jirani husema angetaka angeningoja, neno hilo halijanisaidia.) Nilishika mkono wake, ungali na joto.

Binti akauliza: «Koko alibaki na joto mpaka saa ngapi?»

Nikamwambia, mpaka karibu saa tano. Sikuuachilia.